Mkono wa Kulia Kwenye Udi: Kwa Wewe Unayetoka Kwenye Gitaa

Assalaam alaykum, karibuni sana. Leo tunashughulika na mkono wa kulia peke yake. Kama umezoea gitaa na sasa umepata udi, najua kinachokutisha ni ile shingo isiyo na freti. Hiyo itakuja, sikio litakuongoza. Kinachomfichua mpiga gitaa mapema ni mkono wa kulia: sauti inatoka nyembamba na kali, na nyuzi mbili za jozi zinavutana badala ya kulia pamoja.

Kaa kwenye kiti kisicho na mikono. Weka udi kwenye paja la kulia, uso wake utazame mbele. Usiulaze ili uzione nyuzi, maana mgongo wake ni wa mviringo na utateleza. Sasa angalia kigasha changu. Kinalala juu ya ukingo wa udi, nyuma ya daraja, na hicho ndicho kinachoukaza udi kifuani. Kiganja kinakunjika kuelekea kwenye nyuzi, na kazi inabaki kwa kifundo cha mkono. Kiwiko hakipandi wala hakishuki. Ondoa mkono wa kushoto kabisa: udi ukitulia mahali pake, umekaa vizuri.

Piki yako ya gitaa iweke kando. Tunatumia risha, ndefu kuliko kidole cha kati, nyembamba, inayopinda kidogo. Zamani ilichongwa kwenye unyoya wa tai au pembe, siku hizi nyingi ni za plastiki. Kama huna, chukua ule mkanda wa plastiki wa kufungia nyaya za umeme, ukate, kisha ulainishe ncha kwa msasa mpaka isikwaruze ukucha. Ipitishe risha ndani ya ngumi iliyolegea. Ncha itokeze baina ya dole gumba na kidole cha shahada, sentimita moja hivi, na mkia utokee upande wa kidole cha mwisho. Usiibane kwa ncha za vidole viwili kama piki, itakuzungukia mkononi.

Haya, sasa jambo lenyewe: pigo la kushuka. Udi wangu huu, kama maudi mengi, una jozi tano za nyuzi na uzi mmoja wa besi huku juu. Weka risha kwenye jozi ya katikati, baina ya tundu kubwa na daraja, hapa palipobandikwa kibao cha kukinga uso. Usipige. Angusha. Legeza kifundo, mkono ushuke kwa uzito wake, kama unavyokung'uta maji baada ya kunawa. Risha inapita nyuzi zote mbili, inakwenda kutua juu ya jozi inayofuata, na inabaki pale. Tazama tena polepole. Nainua... naangusha... imetua. Nyuzi mbili, sauti moja.

Ukisikia uzi mmoja tu, umeishia njiani, hukuthubutu kutua. Ukisikia zinalia moja baada ya nyingine, umeizamisha risha mno, punguza ncha. Kwenye jozi ya mwisho, ile nyembamba, hakuna pa kutua. Iache risha ipite hewani bila kuugonga uso wa udi.

Fanya hivi jozi kwa jozi, kushuka peke yake, siku kadhaa. Mwenye vidole vyepesi ataona anacheleweshwa. Nakuomba usiruke hapa. Ule unene wa sauti ya udi ambao mpenzi wa taarab anautambua akiwa chumba cha pili unatoka kwenye kutua huku.

Pigo la kupanda ni jepesi. Halitui popote, na likigusa uzi mmoja wa jozi hakuna ubaya. Kwenye gitaa umefanya mazoezi miaka ili kushuka na kupanda vilingane. Hapa usivilinganishe. Ile tofauti ndiyo inayoufanya wimbo uyumbe vizuri.

Na kanuni moja ishike sana: kila unapohamia jozi nyingine, anza kwa kushuka, hata kama pigo lililotangulia lilikuwa la kushuka. Ukielekea nyuzi nyembamba utaona raha yake, kwa sababu risha imeshatua pale unapokwenda. Ukirudi kwenye nyuzi nene, inua mkono, vuka, angusha. Mwanzoni mkono utagoma, utataka kupanda kwa mazoea.

Tujaribu kwenye mwendo wa chakacha, unaohesabiwa tatu tatu. Sema kwa mdomo kwanza: shuka-panda-shuka, shuka-panda-shuka. Shuka mbili zinafuatana, na ile ya pili ndiyo yenye uzito. Sasa kwenye uzi.

Kuhusu mtetemo: sauti ya udi hufifia haraka, kwa hiyo noti ndefu hujazwa kwa kushuka na kupanda upesi upesi. Kifundo kizunguke kidogo sana, ncha iguse juu juu. Kigasha kikianza kukaza, simama, pumzika, anza upya taratibu.

Ukiwa Unguja, Dhow Countries Music Academy, iliyoanzishwa 2002, ni mahali pa kuulizia mwalimu wa udi. Ukiwa mbali, tafuta rekodi za Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya maisha yake ya muziki Mombasa. Mwenyewe aliimba na mwenyewe alicharaza. Weka rekodi moja, laza vidole vya kushoto juu ya nyuzi uzizime, halafu ufuatishe mapigo yake ya risha tu, bila noti hata moja, mpaka wimbo uishe.