Jhumpa Lahiri na kazi tusiyoipigia makofi

Hamjambo huko nyumbani? Leo niko maktaba hapa Roma, kwa hiyo sauti naishusha, mtanivumilia. Kitabu hiki kinene ni mkusanyiko wa hadithi fupi za Italia, waandishi 40, na aliyeuhariri ni Jhumpa Lahiri. Ndiyo, yule mwandishi wa tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya Marekani, ya mwaka 2000, mtoto wa Wabengali, kazaliwa London, kakulia Marekani. Hayo yamesemwa mno. Mimi nataka tuangalie alichofanya tangu ahamie Roma mwaka 2012.

Jina analo, wasomaji wa Kiingereza anao tele, halafu anaanza kuandika kwa Kiitaliano, lugha aliyojifunza ukubwani! Kitabu chake cha kwanza cha Kiitaliano kilitoka 2015. Kilipotakiwa kwa Kiingereza, akakataa kukifasiri mwenyewe, maana alijijua: angeshawishika kukipamba kwa lugha anayoimudu zaidi. Kazi akapewa Ann Goldstein, mfasiri wa mwandishi wa Italia Elena Ferrante, na kikachapwa Kiitaliano ukurasa huu, Kiingereza ukurasa ule, msomaji alinganishe mwenyewe. Hapo mimi nilinyoosha mikono. Waandishi wangapi wangekubali kuanikwa hivyo?

Baadaye akageukia kazi za mwenzake, akafasiri kwa Kiingereza riwaya za Mwitaliano Domenico Starnone kuanzia 2017. Riwaya yake mwenyewe ya Kiitaliano, ya 2018, ndiyo aliyokuja kuifasiri kwa mkono wake, ikatoka 2021. Naona alijinoa kwanza kwenye sentensi za mtu mwingine.

Sasa huu mkusanyiko, wa 2019. Watu hudhani kazi hii ni kuokota hadithi na kuzibandika pamoja. Ngoja nisogeze kamera kwenye yaliyomo. Mnaona? Majina yamepangwa kinyumenyume, V mbele, A mwisho. Na wote ni marehemu. Walio hai hawamo kabisa. Nahisi kajiepushia lawama nyingi!

Kwa mpangilio huo anayefungua kitabu ni Elio Vittorini, na hapo ndipo pananoga. Huyu Msisilia alikuwa msahihishaji wa gazeti kule Florence, akajifunza Kiingereza kwa kupambana na riwaya ya Robinson Crusoe. Akaja kuandika riwaya, akawafasiri Wamarekani, kisha akahariri mkusanyiko mkubwa wa maandishi yao. Wafasiri aliowashirikisha ni akina Cesare Pavese, Eugenio Montale na Alberto Moravia, yaani waandishi hasa, siyo watu wa kuokoteza. Udhibiti wa utawala wa Mussolini ukauzuia mwaka 1941. Ulipotoka 1942, maelezo ya Vittorini yalikuwa yameng'olewa. Lahiri mwenyewe anautaja mkusanyiko huo kuwa mfano uliomwongoza.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema fulani kaingia kwenye tafsiri kwa sababu riwaya zimemshinda, nacheka tu. Hawa wawili riwaya wanazo, na bado walikaa mezani kuhangaikia koma za wengine.

Mnaonitumia miswada ya riwaya niisome, sikatai, tumeni. Ila safari hii ambatisheni na kurasa chache za mwandishi mwingine mlizofasiri wenyewe. Hizo nitaanza nazo.