Kumpa majeruhi alama: mhadhara kwa wauguzi na wanafunzi wa udaktari, Goma

Asanteni kwa kufika, hasa ninyi mliotoka zamu ya usiku mkapita hapa kabla ya kwenda kulala. Umeme ukikatika tutaendelea, ubao na chaki vinatosha.

Nimeombwa nizungumzie alama tunazompa majeruhi ili kukadiria kama atapona. Tuanze na majeruhi mwenyewe. Huyu ni wa kutunga, lakini mtamtambua: motari (dereva wa pikipiki) wa miaka 24, amegongana na lori barabara ya Sake. Paja limevunjika, tumbo limekakamaa. Tansiyo, yaani msukumo wa damu, namba yake ya juu ni 85, anapumua mara 32 kwa dakika, amefumba macho ila ukimwita anaitika.

Tumpigie hesabu ya Kampala, ile iliyotengenezwa Uganda na Olive Kobusingye na Ronald Lett na kuchapishwa mwaka 2000. Umri anapata 2, kwa kuwa si mtoto mdogo wala mzee. Majeraha makubwa ni zaidi ya moja, anapata 1. Tansiyo iko kati ya 50 na 89: 3. Kupumua mara 30 au zaidi: 2. Ufahamu, anaitika akiitwa: 3. Jumla 11. Mzima kabisa angepata 16, na wa hali mbaya kuliko wote 5. Mmetumia nini hapo? Macho, mikono, saa na mashine ya tansiyo. Basi.

Sasa chukueni ile inayotajwa sana vitabuni, ISS (alama ya ukali wa majeraha), ya Susan Baker na wenzake, mwaka 1974. Kila jeraha linapewa daraja kuanzia 1 hadi 6. Unachukua majeraha mabaya zaidi katika sehemu tatu tofauti za mwili, kila daraja unalizidisha kwa lenyewe, kisha unajumlisha. Paja lina 3, ndiyo 9. Tuseme bandama imepasuka vibaya, daraja la 4, ndiyo 16. Jumla 25, na kwa desturi kuanzia 16 kwenda juu mtu huhesabiwa ameumia vibaya. Sawa, lakini ni nani amekuambia bandama imepasuka? Ni skana, mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, au mpasuaji aliyekwisha kufungua tumbo. Saa ile kijana anaposhushwa mlangoni hujui. ISS inaandikwa baadaye, mambo yakishatulia.

Tena ina kasoro inayotugusa sisi wa Kivu. Orodha yake ya madaraja ilianzia kwenye ajali za magari. Risasi moja ikiingia tumboni inaweza kutoboa utumbo, ini na kongosho, na ISS ikahesabu jeraha moja tu, lile baya zaidi, kwa sababu yote yako sehemu ile ile ya mwili. Mwaka 1997 ilitolewa ISS mpya, inayochukua majeraha matatu mabaya zaidi popote yalipo. Anayeandika kazi ya mwisho wa masomo kuhusu majeruhi wa risasi atumie hiyo. Nimechoka kusoma kazi zenye ile ya zamani, na mwandishi anashangaa mbona watu wa alama ndogo wamekufa.

TRISS, alama nyingine, ya mwaka 1987, inakwenda mbele zaidi. Inaunganisha ISS, umri, aina ya jeraha (la kugongwa au la kutobolewa), pamoja na tansiyo, kupumua na ufahamu, mwishoni inakupa uwezekano wa kuishi kwa asilimia. Hapo ndipo watu wanapotekwa. Tuseme imekupa 85. Maana yake, watu 100 wenye hali kama hii, wakitibiwa kama walivyotibiwa wale ambao hesabu ilitolewa kwao, 85 wanaishi. Wale walikuwa wa hospitali za Marekani hasa. Waliokotwa na gari la wagonjwa, na damu ilikuwa inawasubiri. Kwetu damu mara nyingi inasubiri ndugu wa mgonjwa wapigiwe simu. Na hata kule, hesabu haisemi huyu aliyelala mbele yako yumo kati ya wale 85 au wale 15.

Kwa hiyo mimi simruhusu mtu kumwacha mgonjwa, au kuiambia familia «amekwisha», kwa sababu ya namba. Faida yake naiona mahali pengine, kwenye kikao cha kuchambua vifo. Mgonjwa ambaye hesabu ilimpa nafasi kubwa ya kuishi naye akafa, faili lake lifunguliwe kwanza. Aliingia chumba cha upasuaji saa ngapi? Damu ilikosekana? Nani alimwona usiku? Bila alama, kila kifo tunakisindikiza kwa maneno yale yale, kwamba «alikuja akiwa amechelewa», na hakuna anayeulizwa.

Lakini alama haiwezi kuwa ya kweli kuliko vipimo vilivyoizaa, na kinachoharibika kuliko vyote ni kupumua. Shikeni daftari lolote la chumba cha dharura, teremsheni kidole kwenye safu ya kupumua: 20, 20, 20, 18, 20. Kijana wa paja, mama aliyeungua, mzee aliyeanguka juu ya makoro (mawe ya volkano), wote wanapumua 20! Tansiyo ina mashine, joto lina kifaa, kupumua kunataka mtu asimame amtazame mgonjwa kifua. Motari wetu akiandikiwa 20 atapanda kutoka 11 hadi 12. Ni alama moja, lakini ni ile iliyokuwa inapiga kelele kwamba anavuja damu ndani. Vijana hawa tansiyo yao hudanganya: mtu anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu yake kabla tansiyo ya juu haijashuka waziwazi. Pumzi na mapigo ya moyo hutangulia.

Kuna na lugha. Kipimo cha ufahamu cha Glasgow, cha Teasdale na Jennett, 1974, katika sehemu ya kujibu maswali kinatoa alama 5 kwa mgonjwa anayejibu sawasawa na 4 kwa aliyechanganyikiwa. Sasa bibi kutoka Masisi anaulizwa kwa Kifaransa leo ni tarehe ngapi. Anababaika, anajibu jambo lingine. Umeandika 4, wakati bibi ana akili timamu na anasubiri mtu wa kumsemesha Kihunde, lugha ya kwao. Muulize mwanawe kwanza mama huongea lugha gani.

Na wakija wengi kwa pamoja, kama mwishoni mwa Januari 2025 hospitali za mji huu zilipopokea majeruhi kwa mamia ndani ya siku chache, wekeni hesabu pembeni. Siku hiyo ni rangi: nyekundu kwa wa kuhudumiwa mara moja, njano kwa wanaoweza kungoja kidogo, kijani kwa wenye majeraha madogo, na wale wa mwisho, ambao hawatarajiwi kupona. Unapita, unafunga kitambaa, unasonga mbele, halafu unarudi kuwatazama tena, maana wa njano anageuka mwekundu hukumaliza hata mstari.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, dada. Unauliza alama iandikwe mara ngapi. Ya kwanza mgonjwa anapofika, kabla ya seramu (maji ya kutundikwa mshipani). Ya pili baada ya seramu na oksijeni, karatasi ile ile, na saa iandikwe pembeni. Akitoka 11 akaenda 14, mpasuaji ana muda kidogo wa kumwandaa. Akibaki 11, au akashuka, usingoje duru ya asubuhi, mpigie mpasuaji simu, hata kama ni saa tisa za usiku na atakujibu vibaya.