Ugoko Ukivunjika: Muundi Unavyounga

LUGANO: Karibuni tena kutoka hapa Mbeya. Kati ya mifupa 206 ya mtu mzima, leo tunakaa na mmoja tu, muundi, ule mkubwa wa ugokoni. Kwa nini huu, dada Tusajigwe?

TUSAJIGWE: Ajali za bodaboda, kaka. Pitisha kidole mbele ya ugoko uone: ni ngozi, halafu mfupa. Ukivunjika, ncha yake hutoboa ngozi kirahisi, vumbi linaingia. Na theluthi ya chini, karibu na kifundo, misuli ni haba na damu inafika kidogo. Hapo huchelewa sana kuunga.

LUGANO: Wengi wanadhani mfupa ni kitu kikavu tu.

TUSAJIGWE: Wa kwenye supu, sawa. Wa mtu aliye hai una mishipa ya damu, na seli zinazoubomoa na kuujenga kila siku. Ukivunjika, damu huganda katikati ya ncha mbili, na bonge hilo ndiyo mwanzo wa kuunga. Ndani ya wiki 2 au 3 linageuka gegedu laini, kama la sikioni. Baadaye kalsiamu inaingia, kinatokea kivimbe kigumu ambacho mwili utakichonga taratibu, hata kwa miaka. Muundi wa mtu mzima huhitaji kama miezi 4, mtoto mdogo hupona mapema zaidi.

LUGANO: Sasa anayekandwa na kuvutwa mguu kila asubuhi?

TUSAJIGWE: Anararuliwa lile gegedu kila asubuhi. Naumia nikiona hivyo, kwa sababu mwili ulishaanza kazi yake vizuri.

LUGANO: Tuko barabarani, tuseme mteremko wa Mlima Nyoka, mtu kaanguka. Tunaanzaje?

TUSAJIGWE: Kwanza sogezeni watu na magari, muangalie kama anapumua vizuri na kama anavuja damu. Kiatu kifunguliwe kamba. Mfupa ukiwa nje msiurudishe ndani, funikeni kwa kitambaa safi. Kisha mianzi miwili au mbao, zilizoviringishwa khanga, zianzie juu ya goti zipite kifundo, maana viungo vyote viwili lazima vitulie. Fungeni juu na chini ya jeraha, siyo juu yake. Vidole vya mguu viachwe wazi, mvikague kabla na baada ya kufunga: joto, rangi, kama anahisi mkivigusa.

LUGANO: Na akishafungwa hogo, ile plasta ngumu, akarudi zake Tukuyu?

TUSAJIGWE: Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Mguu unavimba ndani ya hogo lisilotanuka, damu inakosa njia. Maumivu yakizidi licha ya dawa, hasa ukimnyoosha vidole, au vikifa ganzi, arudi hospitali usiku huohuo hogo lipasuliwe. Misuli ikikosa damu kwa saa 6 hivi inaanza kufa, mguu unaweza kukatwa.

LUGANO: Chakula?

TUSAJIGWE: Usipa wa Ziwa Nyasa, uliwe na miiba yake, maziwa, maharage. Sigara aache kabisa, inabana mishipa ya damu.

LUGANO: Magongo anayaacha lini?

TUSAJIGWE: Eksirei hupigwa mbili, ya mbele na ya ubavuni, zinaonyesha kingo 4 za mfupa. Mfupa mpya ukiwa umevuka kingo 3, na akikanyaga hasikii maumivu, tunaanza na gongo moja.