Punguzeni Upepo: Mhadhara kwa Waendesha Baiskeli wa Nakuru Kabla ya Safari ya Kasri la Egerton

Asanteni, kaeni. Mwenyekiti ameniomba niwaeleze njia ya kwenda Kasri la Lord Egerton na jinsi ya kujiandaa. Njia mnaijua: mnatoka mjini kuelekea magharibi, mnakata kushoto kuingia barabara ya Njoro, na Ngata hiyo hapo, kama kilomita 14 hivi. Mlima wa kutisha haupo. Basi njia tumeimaliza, na sasa niruhusuni nizungumzie tairi. Nasikia wanaoguna. Guneni, lakini msikilize, kwa sababu nimepita mlikoegesha nikabonyeza tairi moja baada ya nyingine, na karibu zote zimejazwa upepo hadi hazibonyei.

Kisa chake ni kile kimaandishi cha ubavuni mwa tairi. Mtu anasoma paundi 115, yaani kani ya upepo kwa kila inchi ya mraba (psi), anajaza 115, anaridhika. Namba hiyo ni mpaka ambao mtengenezaji hataki uvuke. Haijui uzito wako, haijui mzigo wako, wala haijui barabara zetu. Mtu wa kilo 55 na mtu wa kilo 95 hawawezi kujaza sawa, na ubavu wa tairi hauwezi kuwatenganisha.

Tazameni barabara tunazopita. Nyingi hazikumwagwa lami laini ya uwanja wa ndege. Ilinyunyizwa lami, zikamwagwa kokoto juu, zikashindiliwa, na magari yakamalizia kazi. Kila kokoto iliyochomoza inafanya mojawapo ya mambo mawili. Ama tairi inabonyea na kuimeza, ama tairi inakataa kubonyea na kokoto inainua gurudumu, fremu na wewe mwenyewe. Ile nguvu ya kukuinua umeitoa wewe kwenye pedali, na hairudi. Inapotelea kwenye viganja, mapajani na mgongoni, kwa sababu nyama ya mwili ikitikiswa inageuza nguvu kuwa joto. Tairi inayobonyea hupoteza kidogo tu, kwani mpira unajikunjua na kurudisha sehemu kubwa ya ulichoupa.

Hapo kijana mmoja atasema, mbona wanaoshindana wanajaza upepo mwingi na wanakwenda kasi? Kwenye uwanja wa mbao wa mashindano ya baiskeli, ndiyo, upepo mwingi unafaa, maana hakuna kokoto ya kumezwa. Na hata washindani wa barabarani wameacha tairi za upana wa milimita 23 wakahamia 28 na zaidi, wakapunguza na upepo. Sisi huku ndio tumebaki tunanunua nyembamba kwa sababu inaonekana ya mbio. Mwingine atasema tairi pana ni nzito. Kati ya milimita 28 na 32 tofauti ni makumi machache ya gramu kwa kila tairi; chupa yako ya maji nusu lita ina gramu 500 na huilalamikii. Swali la maana ni moja tu: fremu yako inaipokea? Pima nafasi kati ya tairi na fremu, kulia, kushoto, na pale juu, chini ya breki. Ukibakiwa na milimita 4 kila upande, unaweza. Chini ya hapo usilazimishe, maana rimu ikiyumba kidogo tairi itasugua fremu mpaka iichubue.

Sasa namba, andikeni. Chukua uzito wako, baiskeli na begi kwa pamoja. Kwa jumla ya kilo 85, tairi ya milimita 32 ianze na paundi 60 nyuma na 52 mbele. Ya milimita 28, paundi 75 nyuma na 65 mbele. Nyuma panapewa zaidi kwa sababu gurudumu la nyuma hubeba karibu asilimia 60 ya uzito. Hapo ni pa kuanzia tu. Ukiwa mzito zaidi ongeza, ukiwa mwepesi punguza, paundi 3 kwa mara moja, ukipanda barabara ile ile ili ulinganishe.

Asiyeamini namba zangu achukue rula. Simamisha baiskeli ukutani bila mtu, pima toka sakafuni hadi ukingo wa rimu ya nyuma. Kisha kaa juu yake na begi lako, mikono kwenye usukani, na mwenzako apime tena. Tairi iwe imeshuka kwa karibu asilimia 15 ya kimo chake. Kwa ya milimita 32 ni kama milimita 5. Ikishuka 2, umejaza kupita kiasi. Ikishuka 8, ongeza kabla hujaondoka.

Na tafadhali, kidole gumba si kipimo. Mafundi wetu wanabonyeza, wanatikisa kichwa, wanasema iko sawa. Tairi nyembamba yenye paundi 60 na yenye 90 kidole hakiwezi kuzitofautisha. Nunueni pampu yenye kipimo, hata watu watano mkichanga. Msitegemee upepo wa kituo cha mafuta: valvu nyembamba haiingii kwenye mpira wao bila adapta, na tyubu ya baiskeli ni ndogo, hujaa kupita kiasi kufumba na kufumbua. Pimeni asubuhi ya safari, si usiku wa kuamkia, kwa kuwa tyubu nyembamba huvuja taratibu hata ikiwa nzima. Mkumbuke pia baridi ya alfajiri ya Nakuru. Upepo uliojazwa nyuzi 12 utaongezeka paundi 3 au 4 jua likifika nyuzi 27. Hakiharibiki kitu, ila aliyekwisha kujaza hadi mpaka wa mtengenezaji ndiye atakayeupita.

Lakini mzee, upepo ukipungua si nitapata pancha? Swali hilo huulizwa kila mahali, na ni swali zuri, kwa hiyo nimekuja na tyubu hii. Isogezeni mbele muione. Tundu ni mawili, yamekaa sambamba, yameachana kama sentimita moja, na kila moja ni mpasuko mfupi, si kitobo. Mwiba haufanyi hivi. Mwiba wa mgunga hutoboa tundu moja la duara, upande wa nje. Haya mawili yametokea gurudumu lilipogonga ukingo wa shimo, tairi ikabanwa mpaka mwisho, na tyubu ikakatwa kati ya lami na kingo mbili za rimu. Kweli, huko ndiko kupunguza kupita kiasi kunakokupeleka. Ndiyo maana nikasema rula. Na ndiyo maana nataka tairi pana, kwa sababu ina kimo cha kubonyea kabla rimu haijafika chini. Mwenye milimita 23 hana pa kwenda: akijaza sana anatikiswa, akipunguza anakatwa.

Hapa kwetu ukingo unaokata tyubu nyingi hauko shimoni. Uko pembeni mwa lami. Matatu inakupigia honi, unashuka kwenye udongo, kisha unataka kurudi, na lami imekuzidi kimo kwa sentimita tano au kumi. Ukirudi kwa mshazari mwembamba, gurudumu la mbele linasugua ukingo, linakataa kupanda, na wewe unaangukia barabarani mbele ya gari linalofuata. Punguza mwendo, sogea mbali na ukingo kadiri udongo unavyoruhusu, geuza usukani uukabili ukingo karibu kwa pembe mraba, inua makalio kitini, kunja viwiko, na uvute usukani juu gurudumu la mbele linapogusa. Ukingo ukizidi kimo cha ngumi, shuka ubebe baiskeli. Hakuna aibu.

Pancha ikitokea, tafuta sababu kabla hujaziba. Tundu moja nje: pitisha kitambaa ndani ya tairi yote, si kidole, maana kipande cha mwiba kitakukata. Tundu upande wa ndani wa tyubu: utepe unaofunika vichwa vya spoki umehama. Tundu mguuni mwa valvu halizibiki, badilisha tyubu. Kwa mawili haya sambamba, tumia kiraka kimoja kipana. Sugua msasa mpaka mng'ao uishe na ule mshono wa tyubu ulainike, ukiuacha upepo utapita chini ya kiraka. Paka solusheni nyembamba, pana kuliko kiraka, ngoja dakika tano. Watu hawangoji! Wanabandika ikiwa mbichi, inashika kwa kilomita mbili, kisha wanalaumu kiraka. Unaporudisha, tia tyubu upepo kidogo ipate umbo, malizia tairi upande wa valvu, halafu sukuma valvu ndani kwa kidole kabla ya kujaza, ili tyubu isibaki imebanwa chini ya ukingo wa tairi.

Mtaniuliza haya yote yanahusu nini majumba ya kale. Yanahusu sana. Safari ya namna hii haimaliziki unapofika. Kasri la Egerton lina vyumba 52, na umekwenda kutembea ndani yake, kupanda ngazi, kutazama. Anayefika viganja vimekufa ganzi na kiuno kinauma hukaa kwenye nyasi, anapiga picha ya ukuta, anarudi. Maurice Egerton, ndiye Lord Egerton mwenyewe, baroni wa nne wa Tatton kule Cheshire, Uingereza, alilianza mwaka 1938 na likakamilika 1954. Yeye akafariki 1958. Shule ya kilimo aliyoianzisha Njoro mwaka 1939 ndiyo leo Chuo Kikuu cha Egerton. Kisa cha mwanamke anayesemekana kulikataa jumba hilo mtasimuliwa huko huko.

Na kwa wale wanaoweka akiba ya kwenda Ufaransa, kwenye makasri ya bonde la mto Loire, ushauri ni huo huo. Njia ya baiskeli ya Loire ina urefu wa karibu kilomita 900, sehemu kubwa imefuata mto, kwa hiyo ni tambarare. Mnapita Amboise, alikofia Leonardo da Vinci mwaka 1519, na mwaka huo huo mfalme Francis wa Kwanza akaanza kujenga kasri la Chambord, ambalo bustani yake imezungukwa na ukuta wa kilomita 32. Kasri la Chenonceau limejengwa juu ya mto Cher kabisa. Lakini kuna vipande vya changarawe, na mitaa ya miji ya kale ina mawe. Milimita 32 kwa uchache, na mkibeba mabegi ya nyuma, 35.

Msiseme pia kwamba bila Ulaya na bila mabaroni hatuna cha kutembelea. Thimlich Ohinga, boma la kale kule Migori, ina kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, mahali pengine zinafika mita 4 na zaidi kwa kimo, na tangu 2018 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hyrax Hill, penye mabaki ya makazi ya kale, iko hapa hapa mlangoni; mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937. Hiyo ni safari ya asubuhi moja.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Gia, haraka: kutoka mjini hadi Njoro barabara inapanda taratibu karibu mita 300, na hewa ya hapa ina kama asilimia 80 tu ya mgandamizo wa hewa ya pwani, kwa hiyo wageni wetu wa Kisumu na Mombasa wasishindane na wenyeji. Meno 34 mbele na 32 nyuma yanakupeleka mita 2.2 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Mizunguko 70 kwa dakika ni kilomita 9 kwa saa, na magoti yako yanabaki salama. Breki na chakula nimeviacha, vinahitaji siku yake. Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, malori yakiwa machache na mvua ya mchana ikiwa mbali. Kufuli ipite kwenye fremu na gurudumu la nyuma. Na wenye viatu vya kunasa pedali bebeni ndala, kile kipande cha chini kinateleza kwenye sakafu na kuikwaruza, na wenye kasri wana haki ya kuwazuia mlangoni.