Siliaki: vitumbua vya asubuhi na jiko lisilo na vumbi la ngano

Haya wapendwa, habari za asubuhi, karibuni jikoni kwangu hapa Tanga. Leo napika vitumbua, na wakati uji wake unaumuka ntakuonyesha na vitu vingine maana mnaniuliza sana nakula nini mimi mwenye siliaki, ule ugonjwa wa kudhuriwa na ngano, kama chapati hapana, mandazi hapana, mkate hapana. Nakula sana tu, mtaona.

Tuanze kazi kwanza. Mchele vikombe viwili, nimeuosha nikauloweka tangu jana usiku, angalia punje nikiibana na kucha hivi inakatika yenyewe, hapo ndo imelowana. Mwaga maji yote, tia mchele kwenye blenda, tui zito kikombe kimoja na nusu, sukari nusu kikombe, hiliki, na hamira kijiko kimoja cha chai. Tui usilimwage lote kwa mpigo, bakisha kidogo la kuongezea blenda ikikwama. Saga mpaka ukichovya vidole ukasugua husikii chenga. Kuna watu huweka kijiko cha unga wa ngano eti vishikane, ndo maana vya barabarani sinunui bila kumuuliza mpishi, tena namuuliza "umeweka nini humu", simuulizi "kuna ngano?", manake ukiuliza hivyo wengi watakujibu hamna ili ununue. Mchele unashika wenyewe bwana, ukiona havishiki ujue uji mwepesi au chuma hakijapata moto. Funika, weka penye joto, tunaupa kama lisaa.

Sasa tukiwa tunasubiri. Siliaki sio ile aleji ya kuwashwa ukameza kidonge yakaisha. Kwenye ngano, shayiri na ile nafaka inaitwa rai (rye) kuna protini inaitwa gluteni, mwenye siliaki akiila kinga ya mwili inaugeukia utumbo mwembamba, vile vinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula vinalala, vinaisha, kwa hiyo unakula unashiba na bado damu haitoshi, tumbo linajaa gesi, unaharisha, unachoka hadi kupanda daladala ni kazi. Mimi nimetibiwa amiba, nimetibiwa taifodi, nimetibiwa minyoo, vidonge vya kuongeza damu nimevimeza mpaka nikasahau ni vya nini, na muda wote huo asubuhi nakunywa chai na chapati mbili. Hakuna aliyeniuliza nakula nini, na mimi sikujua kama ni kitu cha kusema.

Na hapa nisikilize vizuri, kama unajihisi dalili hizi USIACHE NGANO LEO. Pima kwanza. Kipimo cha kuanzia ni cha damu, wanatafuta kingamwili zinaitwa tTG, na mara nyingi baada ya hapo wanapitisha kamera mdomoni mpaka kwenye utumbo mwembamba wachukue vinyama vidogo vya kupima. Ukiwa umeshaacha ngano kingamwili zinashuka, utumbo unaanza kupona, majibu yanakuja safi na wewe unaumwa. Mwongozo wa Uingereza unataka uwe umekula vyenye gluteni kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kupima. Na ukikutwa nayo wapime na wanao, wazazi na ndugu wa tumbo moja, manake hii inatembea kwenye damu ya ukoo. Dawa ya kuiponya haipo, tiba ni chakula, maisha yako yote.

Haya sogea hapa uone hiki chekecheo. Kinaonekana kisafi eeh? Nakigonga kwenye karatasi nyeusi... umeona huo unga? Hiki ni cha wifi yangu, anachekechea wa mandazi. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, kile cha Codex, kinasema chakula kikiitwa hakina gluteni basi isizidi miligramu 20 kwenye kilo moja. Piga hesabu, kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano kinatosha kuharibu kama kilo 10 za sembe. Kwa hiyo vitu hivi nunua vyako na uvitie alama, mimi nafunga uzi mwekundu: chekecheo, mwiko wa mti, kibao na kisukumio, na frampeni kama ile ya nyumbani imeshalishwa chapati miaka kumi. Sufuria, sahani na vijiko vya chuma osha tu kwa sabuni na maji mengi, usitupe vitu. Na siku wanapokanda chapati nyumbani mimi chakula changu nakuwa nimeshapika na kufunika, manake unga ule unaruka, unatua kila mahali.

Sasa unga. Hapa ndo wengi mnaliwa. Mtu anasema mimi nakula sembe na uji wa ulezi tu lakini bado naumwa. Umesaga wapi? Mashineni si ndio. Aliyekutangulia kaleta mchanganyiko wa uji wa mtoto, mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano humo humo, katoka, na wewe umemwaga debe lako juu yake, zile kilo za mwanzo zinazotoka ni za kwako na za kwake. Mimi nilihangaika miezi na hilo kabla sijashtuka. Nikatafuta mwenye mashine mbili, moja haisagi kitu zaidi ya mahindi, nikamweleza, kanielewa, na naenda asubuhi kabla hajafungua foleni. Ulezi na mtama wa sokoni mwaga kwenye ungo, kaa chini na uchague kwa macho manake wanapima kwa kopo lile lile la ngano, kisha osha, anika, saga kwa blenda yako kidogo kidogo. Unga wa lishe wa paketi soma nyuma, wengine wanatia ngano.

Kwenye maandishi ya paketi neno wheat mnalijua, ila tafuta pia barley, rye, malt na semolina. Hiyo ya mwisho ndo suji. Malt inatoka kwenye shayiri, ipo kwenye koni fleksi nyingi na vinywaji vya kimea, na bia za kawaida ndo shayiri yenyewe. Soya sosi nyingi zina ngano. Tambi ni ngano. Na boko boko, jamani, boko boko ni ngano na nyama, najua ni tamu na najua ipo kwenye kila harusi.

Cha kula? Ugali, wali, muhogo, magimbi, viazi, ndizi, maharage, kunde, samaki, nyama, mboga zote. Ndo nasema mkate usio na gluteni wa supamaketi ulioletwa na ndege bei ya kuku mzima mimi sinunui. Ramadhani jirani yangu Bi Mkubwa akiniita futari nakula muhogo wa nazi na magimbi mpaka naona haya, nikikwepa kaimati, sambusa na tambi. Mwaka wa kwanza alinuna, "onja tu mwanangu, kidogo hakidhuru". Sikumwambia sili ngano, manake watu wanasikia unajidai mzungu. Nilimwambia mama, nikila hii utumbo wangu unachanika ndani, sionekani naumwa lakini naumwa. Sa hivi ndo yeye anawafukuza watu wenye mwiko wa tambi kwenye sufuria yangu.

Chipsi ni viazi, ila uliza mafuta, kama wamekaangia sambusa humo achana nazo. Bhajia za dengu wengine wanachanganya unga wa ngano. Mishkaki sawa kama haikulowekwa kwenye soya sosi. Safarini beba chako, na pale basi linaposimama yai la kuchemsha nunua na ganda lake umenye mwenyewe, mahindi ya kuchoma, machungwa.

Wakatoliki wenzangu mnaniuliza hostia, ule mkate mwembamba wa ngano wa komunyo. Hostia isiyo na gluteni kabisa Kanisa haliikubali kwa Ekaristi, Vatikani ilirudia hilo kwa barua ya 2017, ila zenye gluteni kidogo sana zinaruhusiwa, na unaweza kupokea Damu ya Kristo peke yake, ile ya kikombe cha divai. Nenda kwa paroko siku ya kawaida, sio Jumapili mlangoni watu wanapanga foleni. Na kikombe uombe chako, manake kile kikubwa padre anadondoshea kipande cha hostia ndani.

Eeh, tuone uji wetu... umepanda, una matundu matundu juu, ndo tunavyotaka. Ukoroge taratibu. Chuma cha vitumbua changu hicho, uzi mwekundu huo kwenye mpini. Moto wa wastani, mafuta kijiko kidogo kila shimo, subiri mafuta yapate moto ndo umimine, usijaze, acha nafasi ya kupanda. Usiguse. Pembeni pakianza kukauka na katikati bado pabichi ingiza kijiti cha mshikaki ubavuni, uzungushe... hivyo. Kile cha kwanza huwa kinaharibika, hicho ni cha mpishi. Upande wa pili dakika moja hivi, toa, weka kwenye sahani safi, sio kwenye kile kitambaa kilichofunikia mandazi ya wifi.

Ngoja niongeze mafuta mashimo haya ya pembeni, yanashika.