Oili ya boti na oili ya chenso: maongezi ya watu wa Mtera

REHEMA: Mbukwenyi wasikilizaji wetu! Karibuni kwenye kipindi. Mimi ni Rehema, niko hapa Dodoma mjini na Fundi Yohana. Shikamoo, Fundi.

YOHANA: Marahaba, dada. Mbukwenyi nyote, na wale wa bwawa la Mtera nawasalimu kwa namna ya pekee, maana leo ni zamu yenu.

REHEMA: Kweli, swali limetoka huko. Mvuvi anasema dukani kwao oili ya boti imeisha, muuzaji kampa 2T, yaani oili ya kuchanganya na petroli, lakini ya chenso, ule msumeno wa injini, akamwambia 2T ni 2T. Anauliza aiweke?

YOHANA: Asiweke. Tena sitaki aishie kuambiwa "usiweke", nataka ajue sababu, ili kesho muuzaji mwingine asimyumbishe. Tuanzie ndani ya injini. Bodaboda ina oili yake kule chini kwenye sampu, inazunguka humo, na baada ya muda unaimwaga. Hii ya 2T haina sampu. Oili inakuja ndani ya petroli. Mchanganyiko unaingia kwanza kwenye nyumba ya kranki, unalowanisha beringi, ringi na ukuta wa silinda, ndipo unapanda juu kuungua. Kwa hiyo oili yenyewe nayo inaungua. Swali kubwa ni: ikishaungua inaacha nini?

REHEMA: Inaacha majivu?

YOHANA: Hapo ndipo penyewe. Chenso inapozwa na upepo. Hata zile pampu za mgongoni za kupulizia dawa kwenye mashamba ya zabibu, za injini ya 2T, ni upepo tu. Joto lake ni kali, kwa hiyo oili yake huwekwa viungo vya kusafisha vyenye madini kama kalsiamu. Mashine ya boti inavuta maji ya bwawa, inapoa muda wote inapokwenda. Ukiitia oili yenye madini, majivu yanaganda kwenye kichwa cha pistoni na kwenye plagi. Yakipata moto yanakuwa kaa, na lile kaa linawasha petroli kabla plagi haijapiga cheche. Hiyo ndiyo inayotoboa pistoni. Mvuvi anasema "mashine imenoki ghafla", kumbe si ghafla.

REHEMA: Sasa dukani aangalie nini? Maana makopo yote yana picha nzuri.

YOHANA: Asome herufi. Kwa boti atafute TC-W3. Hicho ni kiwango cha chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, NMMA. Oili yake haiachi majivu, na inalinda vyuma visishike kutu. Akiona JASO FC au JASO FD peke yake, ambavyo ni viwango vya Japani, hiyo ni ya injini za upepo. Na rangi isimdanganye. Bluu, kijani, nyekundu, zote ni rangi ya kutiwa, ili ukitazama dumu ujue petroli hii imeshachanganywa.

REHEMA: Kuna mwingine ametuma picha ya kopo lenye chombo kinachokimbia juu ya theluji.

YOHANA: Hizo ni mashine za Kanada, Finlandi, nchi za barafu. Oili yake lazima itiririke hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi yetu ya Juni haifiki huko hata kwa mbali! Kama kopo halina TC-W3, picha isimshawishi.

REHEMA: Na oili ya kupima, ile ya kutoka kwenye pipa?

YOHANA: Dada, hiyo inaniuma. Pipa halina herufi. Mtu ana mashine ya mamilioni, familia nzima inakula kupitia hiyo mashine, halafu anaipa kitu asichojua jina lake kwa sababu kimepungua bei kidogo. Nawaomba sana, nunueni kopo lenye lakiri.

REHEMA: Tuje kwenye vipimo. Huku wengi wanakadiria kwa macho.

YOHANA: Mashine nyingi za leo ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Dumu la lita 20 linakula mililita 400. Lita 25 zinakula 500, na hiyo ni chupa moja ya maji ya nusu lita, imejaa. Mashine za zamani zipo za 25 kwa 1, hizo ni mara mbili yake. Mashine mpya nayo, saa zake 10 za mwanzo mara nyingi inataka oili mara mbili. Kitabu chake ndicho kiamue. Kwa kiasi kidogo, nenda duka la dawa za mifugo, nunua bomba la sindano kubwa, lile la kuchomea ng'ombe. Lina mistari ya mililita, halikosei.

REHEMA: Lakini Fundi, kuzidisha kidogo si ndiyo usalama?

YOHANA: Hapana! Watu wa Mtera wanategesha nyavu, mashine inakwenda polepole muda mrefu. Oili ikizidi haiungui yote. Plagi inalowa, inakuwa nyeusi, masizi yanabana ringi kwenye mifereji yake, na mashine inakataa kuwaka uko katikati ya bwawa upepo umeanza. Halafu kuna jambo hatulisemi. Hizi injini za 2T zenye kabureta, hadi robo ya mafuta inaweza kutoka bila kuungua, na ekzosi yake inatolea ndani ya maji. Kila tone ulilozidisha linakwenda kwenye maji ambayo watu wa kandokando wanachota, na perege ndimo wanamokulia.

REHEMA: Hilo zito. Basi tuonyeshe namna ya kuchanganya.

YOHANA: Weka petroli nusu dumu kwanza. Mimina oili uliyoipima, funga, tikisa vizuri. Kisha ongeza petroli iliyobaki, tikisa tena. Usianze na oili peke yake, inang'ang'ania chini. Fanyia nje, mbali na moto na sigara. Na dumu la lita 20 usilijaze mpaka shingoni, pale linabeba zaidi ya lita 20 na hesabu yako inaharibika.

REHEMA: Na aliyekwisha kuweka ya chenso?

YOHANA: Kama ni tanki moja, asiogope. Aimalizie kwenye chenso ya jirani, mradi kipimo kiwe cha hiyo chenso, boti aichanganyie upya. Kama ametumia miezi, afungue plagi azitazame. Kahawia hafifu ni salama. Akikuta vipunje vyeupe vimeganda kwenye ncha, ampelekee fundi afungue kichwa cha silinda kabla ya kurudi majini.

REHEMA: Ahsante, Fundi. Wiki ijayo ni impela, kile kifaa kinachosukuma maji ya kupoza mashine, kwa wale ambao mashine yao imeacha kukojoa maji. Tuma swali lako mapema, na useme mashine ni ya nguvu ngapi.