Nani Aliritadi? Usuli wa "Losing My Religion"

Ahsante, mwenyekiti. Nimeombwa nieleze usuli wa "Losing My Religion", singo ya R.E.M., bendi ya roki ya Marekani, na wanaonijua wameshaanza kucheka kwa sababu wanajua nitakakoanzia. Naam, naanzia palepale. Wimbo huu hauhusu dini.

Nimelisema hili miaka nenda miaka rudi. Juzijuzi tu, baada ya mazungumzo kama haya, mtu mzima alinifuata mlangoni, akaninong'oneza kwa upole: "Mwalimu, huyo kijana baadaye alirudi kwenye imani?" Saa nzima nimekausha koo! Ukilifasiri jina la wimbo neno kwa neno, "kuipoteza dini yangu", kweli unampata mtu anayeritadi. Lakini kule kusini mwa Marekani, na bendi hii ni ya Athens, jimbo la Georgia, huo ni msemo tu. Mtu amekerwa, amesukumwa, mpaka adabu yote aliyolelewa nayo imemtoka na yuko tayari kutukana mbele za watu. Hapo ndipo husema hivyo.

Na msione ajabu, sisi tunao wetu. Si tunasema "uzalendo ulimshinda"? Fulani kapanga foleni tangu alfajiri, watu wanapenya mbele yake, kavumilia, kavumilia, mwishowe uzalendo ukamshinda. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi ataandika kwenye daftari lake: bwana huyu ameisaliti nchi. Tutamcheka mpaka machozi. Basi mgeni huyo ndio sisi, mbele ya wimbo huu, tangu 1991.

Michael Stipe, mwimbaji wao, ameeleza mara nyingi kwamba ni wimbo wa mapenzi ya upande mmoja. Mtu kampenda mwenzake, hajui kama mwenzake anajua. Kila ishara anaipima. Mara anajiona karopoka, mara anajiona bado hajasema kitu. Yeyote aliyewahi kupenda hivyo anajua kwamba hapo dini haina kesi. Kinachokwisha ni subira.

Najua mnachotaka kusema: "Mbona video imejaa malaika?" Imejaa, sikatai. Aliyeiongoza ni Tarsem Singh, mzaliwa wa India, aliyechota kwenye hadithi ya Gabriel García Márquez kuhusu mzee mwenye mabawa, akachanganya na mwanga na giza vya michoro ya Caravaggio, mtakatifu Sebastian na mishale yake, hata miungu ya Kihindu. Lakini alipofika yeye, wimbo ulikuwa umeshaiva. Huwezi kumjua bi harusi kwa kusoma kadi ya mwaliko. Mwingine ataniambia wimbo ukishatoka ni mali ya msikilizaji. Sawa, chukua, uwe wako, lia nao upendavyo. Ila usimwite mwenzako murtadi kwa sababu kamusi yako ni fupi.

Haya, mandolini, maana ndiyo iliyouzaa wimbo. Peter Buck, mpiga gitaa, alikuwa ameinunua karibuni na alikuwa anajifunza mwenyewe, huku anatazama televisheni, rekoda ikiwa wazi. Kesho yake akasikiliza. Kwingi ni mtu anayepapasa nyuzi, halafu katikati ya fujo ile unatokea mwendo huu mnaoujua wote. Wapiga magitaa waliomo humu watanielewa: mandolini ina nyuzi nane zilizopangwa jozi nne, na hufungwa sauti kama fidla. Vidole vilivyozoea gitaa vinapotea njia, na vikipotea vinafika visikowahi kufika. Buck mwenyewe amekiri kwamba kwa gitaa pengine asingeupanga hivyo. Kwa hiyo wale wanaoniuliza kila mara siri ya utunzi, siri ni kutojua chombo!

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka. Wakaurekodi Woodstock, jimbo la New York, mwaka 1990. Mike Mills, mpiga besi wao, alipotafuta mwendo wa besi alimwazia John McVie, mpiga besi wa bendi ya Fleetwood Mac. Sauti ya Stipe iliingia kwa mara moja tu. Bill Berry na ngoma zake nilikuwa nimewaandalia sehemu nzima, naiacha. Kampuni yao, Warner Bros., ilisita kuutoa, na hapo siilaumu sana: karibu dakika nne na nusu, hauna kiitikio cha kueleweka, mbele kuna mandolini. Nani angeupiga redioni? Ukatoka Februari 1991, ukapanda hadi nafasi ya 4 kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani, juu kuliko wimbo wao wa awali "Stand" uliokuwa umefika ya 6, na hawakuwahi kufika juu zaidi ya hapo Marekani. Tuzo za Grammy mbili, za MTV sita. Hizo mtazisoma wenyewe.

Bendi ilivunjika 2011. Juni 2024, walipoingizwa kwenye jumba la heshima la watunzi wa nyimbo, wote wanne walisimama tena jukwaani New York, wakapiga wimbo mmoja. Sina haja ya kuutaja.

Fundi mitambo, uweke sasa, na sauti iwe ya kutosha. Yule mzee wa "alirudi kwenye imani" namwona pale nyuma, leo kaja tena. Mzee wangu, karibu mbele.